Paja la Kushoto la Brunte

Farasi wetu Brunte alikufa Jumatatu asubuhi, ameegemea ukuta wa zizi. Alikuwa amebaki mifupa na ngozi, kwa hiyo ukuta ulitosha kumshikilia. Baba alimgonga begani amwamshe, akamwita jina lake mara mbili.

Mimi ni Märet, binti Halvar. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na saba. Leo nina sabini na mbili, nina meno matatu, na sina subira na mtu. Watu wa siku hizi wakiizungumzia njaa ya mwaka ule hulegeza sauti kama wako ibadani, utadhani sisi sote tulikuwa watakatifu. Watakatifu wapi! Tulikuwa na njaa na tulikuwa na kiburi, na pale kijijini kwetu sijui kipi kiliua zaidi.

Mwaka ule barafu ya ziwani haikuyeyuka mpaka katikati ya Juni, na shayiri iligandia shambani kabla haijaiva. Kufikia Februari tulikuwa tunakula mkate wa maganda ya msonobari, yale ya ndani, yaliyosagwa na kuchanganywa na unga kiganja kimoja. Mkate ule ulikwaruza ukiingia na ulikwaruza zaidi ukitoka. Mama alikuwa amekwisha kufa tangu kabla ya Krismasi. Tulibaki mimi, baba, na ng'ombe mmoja aitwaye Lilja, aliyetoa maziwa kikombe kimoja kwa siku.

"Baba," nilisema, nikimtazama Brunte pale ukutani. "Nyama yote hii..."

Baba aligeuka polepole. "Unataka kuolewa na mchunaji? Sema tu. Nikufungie virago leo hii uvuke mto."

Mchunaji ndiye aliyechuna mizoga ya farasi, na ndiye mtu pekee aliyeila. Kanisani alikaa peke yake karibu na mlango. Akinywa maji nyumbani kwako, akishaondoka unakivunja kikombe. Wanawe hawakuolewa wala kuoa ila kwa wachunaji wenzao wa parokia nyingine. Mtu wa heshima alikula mti, alikula mkanda wa kiatu uliochemshwa, lakini farasi hakumla. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

"Huyu atatufaa kwa jambo jingine," baba alisema. "Atamlinda Lilja."

Mbwamwitu walikuwa wamekwisha kumaliza mbuzi wa majirani, na usiku wa kuamkia siku ile walizunguka zizi letu. Nyayo zao zilikuwa bado mbichi thelujini. Wakimpata Lilja, sisi tungefuata. Basi tulimfunga Brunte kamba, tukamburura sisi wawili mpaka ukingo wa kinamasi, tukipumzika kila hatua ishirini. Kesho yake baba alinituma msituni nikachukue kuvu ya mbwamwitu, ile sumu yao.

Usifikirie kuvu ile ya mkate uliochacha. Hii ni kichaka kidogo, kikavu, kirefu kama kidole cha mtoto, na ni cha manjano kali inayoonekana msituni kutoka mbali hata siku ambayo jua halijatoka. Mti mbichi haiutaki. Huota juu ya msonobari uliokufa umesimama, ule ambao gome lake limebanduka na mbao yake imekuwa ya kijivu na ngumu kama pembe. Miti ya namna hiyo husimama miaka mia mbili baada ya kufa. Upande wa pili wa kinamasi kulikuwa na mmoja mkubwa, nami nilijifunga kitambaa puani, kwa sababu vumbi la kuvu hiyo hutoa watu damu, nikakwangua upande mmoja kuanzia kifuani mpaka pale mkono wangu ulipofika.

Nyumbani niliikausha nje ya mlango, nikaitwanga katika kinu kisichoingia ndani ya nyumba kamwe. Chupa moja iliyovunjika ikatwangwa nayo mpaka ikawa unga. Baba akatoa mshumaa wetu wa mwisho wa shahamu, akauyeyusha, tukakanda vidonge vya ukubwa wa yai la njiwa. Vilikuwa vya manjano, vinanukia mafuta, na naona aibu kusema mate yalinitoka.

Kazi ya kuviweka ilikuwa yangu, maana vidole vya baba vilikuwa vimeumwa na baridi, viwili vimekwisha kuwa vyeusi. Namna yake ni hii: nyama ikishaganda unaitoboa kwa keekee, unashindilia kidonge ndani kabisa, unamwagia maji kidogo, tundu linaziba kwa barafu. Kisha pembeni unachomeka kijiti kilichofungiwa kipande cha kuvu, ili mwenye mbwa ajue. Kwa kawaida mzoga wa sumu ulitangazwa kanisani pia. Safari hii baba hakuona haja. Nani angemgusa farasi?

Jumatano nilifika kwenye mzoga na keekee yangu, na kabla sijautoboa niliona ngozi ya paja la kushoto imekaa vibaya. Niliinua. Chini yake nyama ilikuwa imekatwa kwa shoka, vizuri, kwa mtu mwenye haraka lakini asiye mjinga, kisha ngozi ikarudishwa juu ifunike. Nyayo zilikuja kutoka ng'ambo ya kinamasi na kurudi huko huko. Kiatu cha kulia kilikuwa kimefungwa kamba kisiginoni.

Nilikijua kiatu kile. Kilikuwa cha Gunnil, mjane, ambaye mumewe alizama akisukuma magogo mtoni miaka miwili nyuma. Alikuwa na watoto wawili, Erk wa miaka tisa na Segrid wa miaka mitano. Gunnil ndiye aliyemwosha mama yangu alipofariki. Kwa malipo alikataa hata shukrani.

Nilisimama pale baridi ikinila. Nikimwambia baba, atasema kijijini, kwa sababu baba alikuwa mtu mwaminifu, na waaminifu hawana huruma. Nikienda kwa Gunnil mwenyewe nimwambie nimejua, nitamvua nguo. Wiki ile ile mzee wa kanisa, Mzee Mattes, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na orodha ya unga wa msaada, na unga ule ulikuwa wa familia zenye heshima tu. Mla farasi asingeandikwa.

Basi nikapata akili, na mpaka leo naichukia akili ile. Nilitoboa shingo, bega, mbavu, na paja la kulia. Nilichomeka vijiti kumi na vitatu. Paja la kushoto nililiacha safi, bila tundu na bila kijiti. Nikafagia nyayo za Gunnil kwa tawi, nikarudi nyumbani moyo mweupe. Niliona nimemlisha mtu bila kumwaibisha, na mbwamwitu nao wana chakula chao. Usiku nililala vizuri, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu msiba.

Jumamosi mchana tulikuwa mezani, baba na mimi, na ule mkate wetu. Baba alitafuna muda mrefu, kisha akasema, "Märet, mama yako alikuwa mchapakazi. Sijui wewe umerithi kwa nani."

"Nimefanya nini tena?"

"Hujafanya, ndilo kosa lenyewe. Paja zima la kushoto umeliruka. Mbwamwitu huanza na paja, hukujua? Jana alasiri nimepita nimelimaliza. Vidole vimeniuma mpaka nimelia, lakini nimelimaliza. Matundu manne."

"Vijiti je?" niliuliza.

"Vijiti vya nini? Mzoga mzima umejaa vijiti kama nungunungu. We, unakwenda wapi? Märet! Shali yako!"

Nilivaa mbao zangu za kutelezea theluji na kukata moja kwa moja kinamasini. Njiani nilipita mzoga. Paja la kushoto lilikuwa limekatwa tena, na pande lililoondoka lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Sikumbuki sehemu iliyobaki ya safari ile, ila nakumbuka moshi wa bomba la Gunnil ulikuwa mzito, moshi wa nyumba inayopika.

Niliusukuma mlango bila kubisha. Walikuwa wote wamekaa mezani, na kwenye kiti cha marehemu mume wa Gunnil alikaa Mzee Mattes, orodha yake ameiweka kando ya bakuli, kijiko mkononi.

"Aha, binti Halvar!" alisema. "Ingia, ingia, funga mlango, joto linatoka. Njoo uone maajabu. Mjane amenasa sungura!"

"Sungura," Gunnil alisema. Alinitazama, na macho yale yalikuwa yananiomba.

"Na sungura gani!" Mattes akachota tena. Mashavu yake yalikuwa yamebonyea kama ya sisi wengine. Uzee wa kanisa haukumshibisha mtu mwaka ule. "Huyu alikuwa na mabega ya askari. Na mafuta, angalia, mchuzi wa manjano! Ila mama, mchuzi wako una mchanga. Sungura huyu alikuwa anaoga wapi?"

Kitu kilisagika kati ya meno yake. Nilikisikia kutoka mlangoni.

"Mama Gunnil," nilisema, "naomba tutoke nje kidogo."

"Nina mgeni."

"Ni neno moja tu."

"Liseme hapa. Mimi sina siri na mtu." Alijinyoosha aliposema hivyo, shingo yake nyembamba ikasimama wima. Mattes alitutazama mmoja baada ya mwingine, akatabasamu, akaendelea kula.

Hapa ndipo ninaporudi kila siku. Segrid alikuwa amekaa mwisho wa benchi, miguu haifiki chini. Alishika kijiko kwa mikono miwili. Midomo yake iling'aa mafuta. Nilisimama pale nikitafuta namna ya kusema pasipo kusema, nikitafuta neno ambalo Gunnil angelielewa na Mattes asilielewe, na wakati ninatafuta, Segrid alikula kijiko kimoja. Akala cha pili. Mattes akaanza kusimulia habari za sungura aliyemnasa yeye ujanani. Segrid akala cha tatu, akaniambia, "Dada Märet, ni tamu." Akala cha nne.

"Ni farasi!" nilipiga kelele. "Acheni! Ni farasi!"

Mattes alibaki na kijiko hewani.

"Mwongo!" Gunnil alisimama, benchi likaanguka. "Mzee Mattes, usimsikilize, njaa imempanda kichwani. Toka nyumbani kwangu, Märet! Mimi nilimwosha mama yako!"

"Ni Brunte wetu. Baba ametia sumu pajani jana. Kuvu na kioo, matundu manne, hakuweka vijiti. Mama, mchuzi huo..."

Sidhani kama Mattes alisikia habari ya sumu. Lile neno la kwanza lilimtosha. Rangi ilimtoka, akajifunika mdomo, akafika thelujini kwa hatua tatu, na huko alitapika mpaka kikawa kinatoka kitu cha manjano, halafu hakikutoka kitu. Alikuwa anatapika farasi, si sumu. Lakini vilitoka pamoja. Mzee yule aliishi miaka kumi na mitano mingine kwa sababu ya kinyaa.

Gunnil mwenyewe alikuwa bado hajajipakulia. Alikuwa anatazama chungu.

"Lakini uliniachia," alisema. "Niliona. Paja la kushoto hukuweka kijiti. Nilijua ni wewe."

Nilimkamata Erk, nikamwingiza kidole kooni, naye akatoa alichokula chote. Kisha nikamgeukia Segrid. Alikuwa ameelewa tunachotaka kufanya, akaminya meno, akajikunja chini ya meza amekumbatia tumbo lake kwa mikono yote miwili.

"Msiitoe," alisema kupitia meno. "Ni yangu."

Tulimvuta, mama yake na mimi. Tulijaribu maji ya chumvi, tulijaribu unyoya. Aliniuma kidole mpaka mfupani. Kovu lipo hapa, ukitaka tazama. Alikuwa amekula tangu asubuhi, na ilikuwa mara ya kwanza kushiba tangu vuli, na mwili wake haukukubali kurudisha hata tone.

Nilikimbia nyumbani nikachukue maziwa ya Lilja. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda cha kukamulia. "Ya nani hayo?" aliuliza. Nikamwambia, yote, kwa sentensi mbili. Hakunitukana. Aliangalia vidole vyake vyeusi, akainuka, akakichukua kikombe mwenyewe, akavuka kinamasi kwa miguu, theluji ikimfika mapajani, bila kumwaga.

Segrid alikunywa maziwa yale akasema nayo ni matamu. Usiku maumivu yakaanza. Erk alipona. Segrid alifariki Jumatatu alfajiri, juma moja baada ya Brunte.

Mattes aliandika katika kitabu cha kanisa: maumivu ya tumbo. Hakusema kwa mtu, angesemaje? Angeulizwa yeye alikuwa anakula nini. Jina la Gunnil lilibaki kwenye orodha, na unga alioletewa ulikuwa mara mbili ya wa wengine. Baba alinyamaza. Mimi nilinyamaza. Ardhi ilipolainika mwezi Mei, Segrid alizikwa karibu na ukuta wa kanisa, mahali pazuri, kijiji kizima kikiimba. Heshima ya kila mmoja wetu ilibaki salama.

Na mbwamwitu? Hawakuugusa mzoga ule hata siku moja. Waliuzunguka mara mbili, wakanusa, wakaenda zao upande wa kaskazini. Mwezi Machi tuliuchoma moto, na vile vijiti vyangu kumi na vitatu pamoja nao. Lilja alizaa ndama kiangazi.

Baba hakuweka tena mtego wa sumu. Aliishi miaka sita, na kila tulipoketi kula alinisubiri nimeze kwanza. Gunnil naye alizeeka hapa hapa, jirani yangu. Afadhali angenitukana. Afadhali angenitemea mate mbele ya watu. Badala yake alinisaidia kujifungua watoto wangu wote wanne, na siku moja tu, tukiwa tunafua, alisema bila kuinua kichwa, "Kila nilipokuwa nakata, nilikushukuru." Kisha akaendelea kukamua shuka.

Ule msonobari mkavu bado umesimama. Kuvu ya mbwamwitu haikui haraka. Huenda mwaka mzima ikaongeza unene wa ukucha. Ule upande nilioukwangua ulibaki mtupu nilipoolewa, ulibaki mtupu nilipozika mume wangu. Kiangazi kilichopita nilijikongoja mpaka pale na fimbo yangu, nikaona umeanza kuwa wa manjano tena.

Wiki iliyopita mjukuu wangu Alva alikuja kutoka mjini na kifurushi cha dukani. Alinikatia mkate laini, mweupe, akapanga juu yake vipande vyembamba vya nyama ya moshi, nyekundu iliyokolea.

"Onja, bibi."

"Nyama gani hii?"

"Farasi." Alicheka alipoona uso wangu. "Usinitazame hivyo! Siku hizi kila mtu anakula. Hata mchungaji wetu ananunua pale pale."

"Hata mchungaji?"

"Kila Jumamosi. Onja bwana, usiwe mshamba."

Niliuchukua mkate kwa mikono miwili. Nilitafuna kwa haya meno yangu matatu, polepole, mpaka kipande kikaisha, na Alva alikuwa ameinama akinisubiri.

"Haya, vipi?"

Nilimjibu kweli, maana hakuna tena aliye hai wa kumfichia aibu. Nilimwambia ni tamu. Segrid alikuwa amekwisha kuniambia.